PF3 (fomu ya polisi)

PF3 ni fomu ya Jeshi la Polisi la Tanzania ambayo polisi huitumia kumwomba daktari au tabibu amchunguze mtu aliyeumia, kisha aandike alichokiona mwilini mwake. Herufi mbili za mwanzo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "fomu ya polisi", na 3 ni namba yake katika orodha ya fomu za jeshi hilo. Hutolewa kwa waliopigwa, waliokatwa, waliobakwa, waliolawitiwa na waliopata ajali za barabarani. Hutolewa bila malipo.

Fomu hiyo ni karatasi ya kawaida, lakini ni mahali ambapo tiba na sheria hukutana. Kwa mgonjwa ni hatua ya kupata haki, kwa tabibu ni ripoti ya kitaalamu, na kwa mahakama ni kielelezo kinachoweza kuchangia mtu kufungwa au kuachiwa huru.

Jinsi inavyotolewa

Kwa kawaida mtu aliyejeruhiwa hufika kituo cha polisi na kueleza tukio. Maelezo yake huandikwa katika kitabu cha taarifa za kituo, naye hupewa namba ya kumbukumbu ambayo wananchi wengi huiita "RB". Polisi hujaza sehemu yao ya PF3: jina la majeruhi, umri, tarehe na aina ya tukio linalodaiwa. Majeruhi huenda na fomu hiyo kwenye zahanati, kituo cha afya au hospitali. Tabibu humchunguza, humtibu, hujaza sehemu yake, huandika jina lake na cheo chake, huweka sahihi na mhuri. Baada ya hapo fomu hurudi polisi na kuingizwa katika jalada la kesi.

PF3 ni ombi la uchunguzi, si kibali cha tiba. Hata hivyo mazoea ya kudai fomu kabla ya kumgusa mgonjwa yameenea, hasa pale jeraha linapoonekana limetokana na ugomvi au ajali. Sababu inayotolewa ni hofu ya kumtibu mhalifu au ya kuitwa mahakamani. Viongozi wa serikali na wa polisi wamesisitiza mara nyingi kwamba majeruhi aliye katika hatari ahudumiwe kwanza na fomu ifuate. Mtu anayevuja damu nyingi anaweza kufa katika muda mfupi kuliko ule wa kwenda kituoni na kurudi. Fomu inaweza kujazwa baadaye kwa kutumia kumbukumbu za hospitali, mradi tabibu aliandika vizuri katika jalada la mgonjwa tangu mwanzo.

Anachokitazama tabibu

Tabibu haulizwi nani alifanya kosa. Anaulizwa ameona nini, mahali gani, kwa ukubwa gani, na kitu cha aina gani kingeweza kusababisha hali hiyo. Majeraha yanayoandikwa mara nyingi ni haya:

- Mchubuko: ngozi ya juu imekwaruzwa, kama mtu aliyeburutwa chini.
- Mvilio wa damu: damu imevuja chini ya ngozi bila ngozi kupasuka, baada ya kupigwa ngumi, fimbo au teke.
- Mpasuko: ngozi imepasuka kwa nguvu ya kitu butu kama rungu, jiwe, kasia au upondo. Kingo zake hazikunyooka, na ndani yake huonekana nyuzinyuzi za nyama ambazo hazikukatika.
- Kidonda cha kukatwa: kimetokana na kisu, panga au wembe. Kingo zake zimenyooka na hakuna nyuzi zilizobaki katikati.
- Kidonda cha kuchomwa: kina chake ni kikubwa kuliko upana wake, kwa hiyo kinaweza kuonekana kidogo kwa nje huku kimegusa pafu au utumbo ndani.

Tofauti kati ya mpasuko na kidonda cha kukatwa ni muhimu sana. Shahidi akisema alikatwa kwa panga, na tabibu akaona kingo zilizochanika ovyo zenye nyuzi ndani, ushahidi huo miwili haupatani. Ndiyo asili ya maneno "kitu butu" na "kitu chenye ncha kali" yanayosikika kila siku katika taarifa za habari: ni lugha ya ripoti za madaktari, inayoeleza aina ya silaha bila kudai kwamba silaha yenyewe imeonekana.

Tabibu mzuri hupima kidonda kwa sentimita, hutaja upande wa kulia au wa kushoto, na hueleza umbali wake kutoka sehemu ya mwili inayojulikana, kama kiwiko au kitovu. Neno "amejeruhiwa" peke yake halimsaidii hakimu anayesoma fomu miezi mingi baadaye, wakati kidonda kimekwisha pona.

Ngazi za madhara

PF3 humtaka tabibu aeleze pia uzito wa madhara. Ngazi hizo hazikutungwa na madaktari bali zimetoka katika Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinatofautisha mambo manne:

- Madhara: maumivu, ugonjwa au hitilafu yoyote ya mwili, ya muda au ya kudumu.
- Madhara ya hatari: yale yanayohatarisha uhai.
- Kilema: kuharibiwa au kulemazwa kabisa kwa kiungo au mlango wa fahamu.
- Madhara makubwa: yanayofikia kiwango cha kilema au cha hatari, au yanayoharibu afya vibaya au daima, au kuacha alama ya kudumu inayoharibu sura.

Uzito huo huathiri shtaka. Kwa namba za vifungu za toleo la sheria la mwaka 2019, shambulio la kudhuru mwili (kifungu cha 241) lina adhabu ya hadi miaka 5 jela. Kusababisha madhara makubwa (kifungu cha 225) kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 7. Kufanya hivyo kwa nia ya kumlemaza au kumdhuru vibaya mwenzake (kifungu cha 222) kunaweza kufikia kifungo cha maisha. Kwa hiyo mstari mmoja wa tabibu unaweza kubadili kesi. Hata hivyo uamuzi wa mwisho ni wa mahakama; tabibu hutoa maoni tu.

PF3 mahakamani

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, Sura ya 20, inaruhusu ripoti ya kitabibu kupokewa kama ushahidi katika mahakama za chini. Kifungu cha 240 kinaweka sharti moja kubwa: ripoti ikipokewa, mahakama inapaswa kumweleza mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka aliyeiandika aitwe ili aulizwe maswali. Mshtakiwa akiomba hivyo, tabibu lazima aitwe.

Sharti hili lina maana kubwa kwa sababu washtakiwa wengi hawana wakili. Mtu asiyejua sheria anaweza kunyamaza fomu inapotolewa, kumbe ndani yake mna jambo ambalo angeweza kulipinga. Katika rufaa ya Kashana Buyoka dhidi ya Jamhuri (Rufaa ya Jinai Na. 176 ya 2004), Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba PF3 iliyopokewa bila mshtakiwa kuelezwa haki hiyo haifai kutegemewa.

Sharti jingine linahusu utaratibu wa kusoma. Katika Robinson Mwanjisi na wenzake watatu dhidi ya Jamhuri, uamuzi uliochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 2003, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba hati lazima kwanza ikubaliwe kuwa kielelezo ndipo yaliyomo yasomwe. Ikikwisha pokewa, inapaswa kusomwa kwa sauti ili mshtakiwa ajue kilichomo. Hati isiyosomwa huondolewa katika kumbukumbu za kesi.

PF3 ikiondolewa, kesi haifi papo hapo. Maelezo ya mdomo ya tabibu aliyefika mahakamani yanaweza kubaki, na ya mashahidi wengine pia. Lakini pale ambapo fomu ilikuwa nguzo kuu na tabibu hakuitwa, upande wa mashtaka hubaki na ushahidi mchache.

Makosa ya kujamiiana

Watu wengi huamini kwamba bila PF3 hakuna kesi ya ubakaji. Sheria haisemi hivyo. Katika Selemani Makumba dhidi ya Jamhuri, uamuzi wa mwaka 2006 unaotajwa mara nyingi kuliko karibu wowote mwingine katika kesi za aina hii, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyetendewa. Mwanamke mtu mzima hueleza kwamba aliingiliwa na kwamba hakuridhia. Kwa aliye chini ya umri, suala la kuridhia halipo. Sheria ya Ushahidi nayo inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mwathirika peke yake, mradi iridhike kwamba anasema kweli na itoe sababu zake.

Hilo halimaanishi kwamba neno la mlalamikaji halipimwi. Katika Mohamed Said dhidi ya Jamhuri (Rufaa ya Jinai Na. 145 ya 2017) mahakama hiyohiyo ilionya kwamba ushahidi wa mwathirika haupaswi kuchukuliwa kama msahafu, bali upite kipimo cha ukweli.

Kitabibu, zipo sababu nzuri za sheria kutotegemea fomu peke yake. Uchunguzi usioonyesha jeraha haupingi kwamba ubakaji ulitokea. Kifungu cha 130 cha Kanuni za Adhabu kinasema kuingiliwa hata kidogo kunatosha, na tendo la namna hiyo linaweza lisiache alama yoyote. Tishu za sehemu za siri hupona haraka, mara nyingi katika siku chache. Hali ya kizinda haiwezi kuthibitisha wala kukanusha kwamba mtu ameingiliwa; kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitoa wito mwaka 2018 wa kukomesha kile kinachoitwa kipimo cha bikira.

Pamoja na hayo, kuwahi hospitali ni jambo la lazima, kwanza kwa ajili ya afya:

- Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Humezwa kwa siku 28.
- Dawa za dharura za kuzuia mimba hufanya kazi vizuri zaidi zikimezwa mapema. Zinaweza kusaidia hadi siku 5.
- Magonjwa mengine ya zinaa hutibiwa au kukingwa, pamoja na homa ya ini aina ya B kwa chanjo.
- Vielelezo kama manii na nywele hupotea kwa kuoga, kufua na kwa muda kupita. Nguo zisifuliwe. Zihifadhiwe katika mfuko wa karatasi, kwa maana ndani ya mfuko wa plastiki unyevu huleta ukungu na kuharibu vielelezo.

Umri wa mtoto nao huwa hoja, kwa sababu adhabu hutegemea umri: kumbaka mtoto aliye chini ya miaka 10 kuna adhabu ya kifungo cha maisha, na kwa ubakaji mwingine kiwango cha chini kwa mtu mzima ni miaka 30. Katika Issaya Renatus dhidi ya Jamhuri (Rufaa ya Jinai Na. 542 ya 2015) ilielezwa kwamba umri unaweza kuthibitishwa na mwathirika mwenyewe, mzazi, ndugu, tabibu au cheti cha kuzaliwa. Picha za meno na mifupa hutoa makadirio tu, wala hazitaji mwaka kamili.

Ili kupunguza mzunguko wa mwathirika kutoka ofisi moja hadi nyingine, vimeanzishwa vituo vya mkono kwa mkono katika baadhi ya hospitali, ambako tabibu, polisi na ofisa ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Vituo vya polisi navyo vimekuwa na Dawati la Jinsia na Watoto.

Mfano wa Kisiwa cha Mafia

Ugumu wa utaratibu huu huonekana wazi zaidi visiwani. Wilaya ya Mafia, katika Mkoa wa Pwani, ina kisiwa kikubwa na visiwa vidogo vinavyokaliwa na watu kama Juani, Jibondo, Chole na Bwejuu. Makao makuu ya wilaya yako Kilindoni, na ndiko iliko hospitali ya wilaya. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 66,000 katika wilaya nzima.

Tuseme mvuvi wa Jibondo amepigwa upondo kichwani katika ugomvi wa nyavu. Ili apate fomu na uchunguzi kamili inabidi avuke kwa mashua hadi Utende, kisha asafiri kwa barabara takriban kilomita 15 hadi Kilindoni. Kusi likivuma kwa nguvu, au maji yakiwa yamekupwa, safari hungoja. Akifika siku ya pili, mvilio umebadilika rangi na mchubuko umeanza kukauka. Tabibu anaweza kuandika tu alichokiona siku ile, pamoja na makadirio ya umri wa jeraha. Katika mazingira kama hayo, maelezo ya mhudumu wa zahanati aliyemwona mgonjwa mara ya kwanza yana thamani kubwa, hata kama aliyaandika katika daftari la kawaida.

Mahali pote pwani kuna tatizo lingine, la mtu anayeogopa fomu yenyewe. Uvuvi wa baruti umepigwa marufuku na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Baruti ikilipuka mkononi hukata vidole au kiganja, huumiza macho na kupasua ngoma ya sikio. Aliyeumia hivyo anajua kwamba jeraha lake linajieleza, kwa hiyo anaweza kujificha nyumbani hadi kidonda kioze. Hapa ndipo kanuni ya kutibu kwanza inapookoa maisha: jukumu la tabibu ni kwa mgonjwa, awe mlalamikaji au mtuhumiwa.

Sampuli za vinasaba hazipimwi Kilindoni. Kwa wilaya hiyo hupelekwa Dar es Salaam, kwenye Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Upimaji wa vinasaba unasimamiwa na sheria yake ya mwaka 2009. Kila mkono unaopokea sampuli njiani, kutoka hospitali hadi polisi, bandarini na hadi maabara, unapaswa kuandikwa. Katika Paulo Maduka na wenzake wanne dhidi ya Jamhuri (Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007) Mahakama ya Rufani ilisisitiza haja ya kuwa na kumbukumbu za mfululizo za nani alikamata, alitunza, alihamisha na kuchunguza kielelezo. Mnyororo ukikatika katikati ya bahari, majibu ya maabara huweza kukataliwa hata kama ni sahihi.

Tofauti na tamthilia za televisheni

Watazamaji wengi wa Afrika Mashariki wamejifunza habari za upelelezi kutoka katika tamthilia, kama CSI ya Marekani iliyoanza mwaka 2000, au Crime and Justice ya Kenya iliyoanza kuonyeshwa na Showmax mwaka 2021, ambayo visa vyake huchota katika matukio yaliyowahi kuwa habari nchini humo. Kazi hizo zina mafunzo, lakini hufupisha mambo ili zitoshe muda wa kipindi.

- Katika tamthilia daktari hutazama mvilio na kusema ulipatikana saa ngapi. Kwa kweli rangi ya mvilio haitoi saa. Jambo lililothibitishwa ni kwamba rangi ya njano haijitokezi kabla ya kama saa 18. Zaidi ya hapo watu hutofautiana kwa umri, rangi ya ngozi na mahali palipoumia.
- Katika tamthilia daktari humtaja mhalifu. Kwa kweli PF3 husema mtu ameumia, haisemi nani amemuumiza. Kiungo hicho hutoka kwa mashahidi au vielelezo vingine.
- Katika tamthilia majibu ya vinasaba hupatikana kabla ya tangazo la biashara. Kwa kweli huchukua siku au wiki, na kesi nyingi huamuliwa bila hayo.
- Katika tamthilia karatasi ikishaandikwa, kesi imekwisha. Kwa kweli karatasi ndiyo mwanzo, kwa kuwa inapaswa kupokewa, kusomwa na kujibiwa na mshtakiwa.

Nchini Marekani imejadiliwa hofu kwamba wazee wa baraza la mahakama waliozoea tamthilia hudai ushahidi wa maabara katika kila kesi. Tanzania haina baraza la namna hiyo, lakini dhana hiyohiyo humkuta mlalamikaji kijijini anapoambiwa na majirani kwamba bila "kipimo" hana kesi, akaacha kwenda polisi.

Nchi jirani na Zanzibar

Jeshi la Polisi ni la Muungano, hivyo PF3 hutumika pia Zanzibar, ingawa Zanzibar ina sheria yake ya mwenendo wa jinai na mahakama zake. Kenya hutumia fomu inayoitwa P3, pamoja na fomu nyingine ya huduma baada ya ubakaji inayojazwa hospitalini. Uganda ina PF3 kwa majeraha ya kawaida na PF3A kwa makosa ya kujamiiana.

PF3 haihusu maiti. Mtu akifa, uchunguzi wa mwili huwa na ripoti yake, na kifo chenye mashaka huangaliwa chini ya Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24. Majeruhi aliyepewa PF3 akifariki baadaye, fomu yake hubaki kuwa kumbukumbu ya hali aliyokuwa nayo alipokuwa hai. Kwa namna hiyo inaweza kusaidia kuonyesha kama kifo kilitokana na kipigo au na jambo lililotokea baadaye.